Saa Mbili, Springburn

Mimi hulipwa kwa saa,
basi acha nianze na saa.

Simu ya Bi. Galbraith iliandika:
Karibu shuleni Alhamisi, saa mbili.
Kiswahili safi, hakina hata kovu.
Mama Wilondja alisoma mara tatu, akaamini.
Akatoka zamu ya usiku, hospitali,
viganja vikinuka jiki,
akasimama getini, Januari, giza totoro,
chini ya ile mvua ya Glasgow isiyonyesha wala kuanuka.
Saa mbili kamili. Hakuchelewa hata dakika.

Mimi nikafika saa nane mchana,
ambayo kwao ndiyo mbili.
Viti vitatu, kimoja kitupu.
Mwalimu alishachukua fomu,
alishaanza kuandika, kwa lugha yake, hakuja,
bawabu Docherty akachungulia mlangoni:
"Yule mama wa koti la kijani?
Alikuja taa za uwanjani bado zinawaka.
Nikamwambia bado. Akatabasamu.
Akangoja wee, kisha akapanda basi."

Kalamu ikasimama.
Miaka kumi na mmoja nimeifanya kazi hii,
nimekaa na walimu ambao kalamu yao haisimami.

Ningeweza kusema. Nilijua.
Lakini mdomo wa mkalimani ni wa kukodi,
na hakuna aliyekuwa ameuuliza kitu.

Akavuta daftari la mtoto.
Saa kumi na mbili za duara, zimechorwa kwa rula,
mishale yake, majibu yake,
na chini ya kila moja mkasi mwekundu, X, X, X,
alioutia yeye mwenyewe Jumanne, kwa haraka, huku chai inapoa.
Akazitazama. Akahesabu kwa vidole.
"Sita," akasema. "Amekosea kwa sita. Zote."
Kisha, taratibu, kama anayejisomea barua:
"Mtu hawezi kukosea sawasawa hivi."

Akamwita Wilondja kutoka darasa la michoro,
rangi ya buluu sikioni.
Hakumwambia kaa. Yeye ndiye aliyechuchumaa.
Hakumuuliza kwa nini umekosea.
Alimuuliza: nionyeshe unavyoisoma.
Nikatafsiri. Maneno matatu tu,
na mabega ya yule mtoto yakashuka
kama mzigo uliopata pa kutuliwa.

"Mshale ukielekea huku," akasema, "unasoma kule.
Ng'ambo yake.
Jua likitoka ni saa kumi na mbili, unaanza kuhesabu.
Moja, watu wako njiani. Mbili, kengele."
Akanyamaza. Akatazama dirishani, pale palipoanza tena kufifia.
"Lakini hapa jua linakuja saa tatu kasorobo.
Mimi nikichelewa naandikwa.
Lenyewe mbona haliandikwi?"

Nilitafsiri bila kutia chumvi, bila kupunguza.
Bi. Galbraith alicheka mpaka akafuta macho,
halafu hakucheka tena,
akachukua ile kalamu nyekundu
akaanza kwenye saa ya kwanza,
polepole, kuugeuza kila mkasi.
Mkasi haugeuki vizuri kuwa vema.
Ukurasa ulichafuka. Akauacha hivyo hivyo.

Ijumaa nilipigiwa simu alfajiri: njoo, saa mbili, ya kwenu.
Nikawakuta getini gizani,
vikombe viwili vinafuka, koti la kijani, koti la kijivu,
na Mama Wilondja anaonyesha kwa kidole, hewani,
mshale na ng'ambo yake,
na mwalimu anarudia: mbili. Nane. Mbili.
Anakosea. Anarudia.

Hawakuniona kwa kitambo.
Nikasimama kando, nikalowa kidogo, sikuingilia.

Fomu yangu ya malipo ina kisanduku kimoja:
muda wa kuanza kazi.
Bado sijakijaza.